Kaa wa Malbusca

Malbusca, Santo Espírito,
Kisiwa cha Santa Maria, Azores.
Novemba 9.

Mpendwa kaka yangu Ludgero,

Baridi ya Toronto imewashika vipi mwaka huu? Goti la wifi Graciete limepoa? Na mjukuu wako ameanza kutembea, au bado anajishikilia kwenye viti? Sisi huku tupo. Mama anakula vizuri, ila miguu inamsumbua asubuhi. Mimi kikohozi kimeniacha.

Mvua imetunyeshea wiki nzima, malisho ni kijani mpaka ukingoni mwa genge. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Zabibu zilikuwa chache lakini tamu, na divai inatulia pipani.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Una kipaji hicho, cha kunichekesha kabla sijamaliza kukasirika. Safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho.

Ni habari ya kaa. Yule aliyegeuka jiwe ndani ya mwamba, mzima na magando yake yote mawili, niliyekuonyesha mwenyewe Agosti ulipokuja kwa sikukuu ya Bikira Maria. Nilikushika mkono kwenye mawe yanayoteleza. Nilikueleza kama Doktari Benedita, yule mtafiti wa mawe, alivyonieleza mimi: kwamba kisiwa chetu kilitoka motoni, kikazama, bahari ikakifunika kwa mchanga na makombe, halafu volkano ikamwaga lava juu ya ule mchanga na kuufunga kama mfuniko. Kaa wetu alifia humo, kabla hajatokea mtu duniani wa kumla. Uliinama ukamtazama pande zote. Nikadhani moyo wako umeguswa. Kumbe ulikuwa unapima.

Doktari alimwacha pale kwa makusudi. Vipande vya magando wanavipata, ila kaa mzima ni nadra sana, na mchanga aliolalia ndio unaosema aliishi kwenye kina gani, maji yakiwa ya vuguvugu au baridi. Alikuwa arudi na wenzake mwakani wamsome mahali pake. Aliniomba mimi nimtazame. Hakuna aliyenilipa. Nilimpa neno langu, basi.

Ulipoondoka nilishuka kumwangalia, nikakuta shimo la mraba. Limekatwa kwa mashine, kingo zimenyooka kama dirisha, na magando madogo yaliyokuwa yamemzunguka yamesagika unga. Nilikaa chini kwenye mawe, nikashindwa hata kulia.

Watu waliokuwa wakichunga juu walisema waliiona mashua ya rafiki yako Gualter imefungwa pale siku ya mwisho ya likizo yako. Unakumbuka kilichofuata, maana ulikuwepo kwenye simu. Gualter alisema mbele ya kanisa, watu wakimsikia, kwamba mashua alikuazima wewe, ukamwambia unakwenda kuvua. Tukakupigia palepale, sauti ikisikika na wote. Ulicheka. Ukasema siku ile ulilala mchana kutwa, tumuulize Mama.

Mama naye alikuwa amelala siku ile. Alipoamka alikukuta jikoni unanawa uso, ukamwambia ndiyo kwanza unaamka. Kwa hiyo aliapa. Mama yetu, ambaye haapi hata kwa mchezo, aliapa kwa taji la Roho Mtakatifu kwamba mwanawe alikuwa chumba cha pili. Nawe ukaongeza, kwa ile sauti yako ya huruma: "Lakini msimwonee Gualter, maskini. Siku hizi mambo yake si mazuri."

Maneno hayo ndiyo yaliyommaliza. Matusi watu wangeyasahau, lakini huruma yako waliiamini.

Toka hapo hoteli ikaacha kumpa wageni wa kuwazungusha kwa mashua. Kwenye karamu ya mavuno alikaa na sahani yake peke yake, sopa yake ya nyama ikapoa. Mimi nilikuwa meza ya pili. Vijana wa kilabuni wakawa wakimwona wanatembea ubavu ubavu kama kaa. "Gualter, leo umevua kaa gani, wa kuchemsha au wa kuuza?" Huyu ni Gualter uliyekua naye kitanda kimoja, aliyembeba binti yako Suzete kwenye maji ya ubatizo.

Wiki iliyopita Suzete alinitumia picha ya siku ya kuzaliwa ya mtoto. Keki nzuri, mtoto mzuri, na nyuma ya keki, juu ya rafu, kwenye sanduku la kioo lenye kitaa kidogo, kaa. Nilimjua kabla sijaikuza picha. Mshipa mweupe wa chokaa unapita mgongoni mwake, nimeufuta mchanga kwa brashi mara nyingi. Bado nilijidanganya kwamba pengine wako wawili wanaofanana. Nikampigia Suzete, nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari ya mapazia, ule urembo wameupata wapi.

Akasema kwa furaha, "Baba kaniletea. Zawadi ya baba yangu wa ubatizo, Gualter. Shangazi, mshukuru sana kwa niaba yangu, nimekosa namba yake."

Ludgero, nimeyarudia maneno hayo nikikamua ng'ombe, nikikanda mkate, nikisali. Kuiba ningeweza kukuelewa. Umekaa mbali miaka mingi, labda ulitaka kipande cha kisiwa ndani ya nyumba yako. Lakini ulimwibia mtu jina lake hapa, halafu ukalitumia jina hilohilo huko kupamba uongo kwa mwanao.

Nilitaka kumficha Mama. Nilishindwa, kwa sababu aliomba kumwona kitukuu chake. Aliitazama picha muda mrefu. Kaa hakumtambua, yeye hajapata kushuka kule. Alichokitambua ni kitambaa alichotandikiwa, kile alichokifuma mwenyewe na kukufungia biskuti za safari. Akaniuliza ni jiwe gani hilo. Nikamwambia. Aliiweka simu mezani, akaomba viatu vyake vya kanisani.

Tulikwenda kwa Gualter kwa miguu, mvua ikinyesha, hakutaka gari. Gualter alitoka na mikono yake ya rangi, alikuwa anapaka mashua ambayo haina wa kuipanda. Mama akamwambia mlangoni, hata kabla ya salamu, "Gualter, niliapa uongo juu yako. Sikujua. Leo najua."

Gualter alimvuta ndani asilowe. Alimkalisha karibu na jiko, akamvua viatu. Kisha akasema, polepole, "Mama Hortênsia, mimi nilijua tangu siku ile. Ningeweza kubishana zaidi. Lakini ningebishana na wewe, siyo na yeye."

Mama akalia kama ambavyo sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika Baba.

Jumapili baada ya misa Mama alisimama mwenyewe, akawaambia watu wote wewe ulifanya nini na yeye aliapa nini. Kwa hiyo usimpigie mtu kujieleza, wanajua. Hoteli imemrudia Gualter. Vijana wanamsalimia, yeye anaitikia, ila kilabuni haingii tena.

Doktari Benedita nimemwambia pia. Kwanza aliniuliza kama mimi ni mzima. Anasema hata kaa akirudi, hatutajua tena alikuwa amelalaje. Lakini arudi. Usimtume kwa posta. Mlete mwenyewe, na kabla ya kufika kwetu, pitia kwa Gualter. Suzete mwambie wewe. Mimi sitamwambia, nimekuachia hilo.

Ulipopiga Jumapili jioni nilikujibu kwamba Mama amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa hapa mezani, anakusikia unavyouliza hali yake.

Msalimie wifi Graciete, Suzete na mumewe, na umbusu mtoto kwa niaba yangu, hana kosa. Binamu Odete na shangazi Filomena wanawasalimu wote, ingawa salamu ya shangazi kwako nimeifupisha. Mungu awalinde na barafu ya barabarani.

Nimemuuliza Mama kama niandike hapa baraka yake, ile unayoiomba kila unapopiga simu. Amesema, "Mwandikie ipo. Aifuate."

Dada yako, ambaye hajaweza kuacha kukupenda,
Etelvina