Mwenye Kizazi Ni Mimi

Karakana ya Makochi,
Chumba cha Nyuma,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Na watoto, wameizoea baridi ya huko? Sisi tunapumua, tunashukuru.

Naandikia kazini, juu ya kochi la mteja, maana nyumbani siandiki mstari bila mtu kunichungulia begani. Uliniuliza kwenye simu mbona sauti yangu imekonda. Nilikwepa; mama mkwe alikuwa kando.

Ukweli ni kwamba tangu mwaka jana hedhi yangu haikatiki upesi. Damu hutoka mabonge, nikipanda ngazi naona nyota. Nilidhani ndiyo maumbile yangu. Daktari mmoja mwanamke akanipiga picha ya tumbo: uvimbe kwenye kizazi, wala si saratani. "Tutautoa, kizazi tukiache," alisema. "Huenda ndio unaozuia mimba. Lakini usikae nao, utaishiwa damu."

Nikarudi nyumbani mbio kwa furaha. Mama mkwe akanikatiza: "Kisu kikigusa kizazi, basi tena. Mwanangu hakuoa gunia tupu." Mume wangu, mkweo, akaikodolea macho sahani yake. Chumbani akaninong'oneza, "Tusubiri mama akubali." Mama yule! Hata mvua ikinyesha hakubali.

Tangu hapo nachungwa. Wifi hunileta kazini na kunirudisha, eti nisianguke njiani. Kila mwezi wanakagua kamba ya nguo, kuona kama nimeanika vitambaa vya hedhi.

Wiki iliyopita nikaanguka kweli, hapahapa. Fundi mkuu, mama mnene wa mwili na wa moyo, akanipakia kwenye gari la kupelekea makochi hadi hospitali. Nikaongezwa damu. Nikamwambia daktari sijaruhusiwa kupasuliwa.

"Na nani?" akauliza. "Wewe ni mtu mzima. Idhini ni yako."

Nilidhani ningefurahi. Wapi, Mama Mdogo! Nani nitamlaumu sasa?

Alhamisi naingia kupasuliwa. Nikitoka, fundi mkuu atanipokea kwake. Jana nilimwambia mkweo. Akasema, "Sijui mama atatuonaje." Hakusema usiende. Hakusema nitakusindikiza.

Nisalimie baba mdogo na wale pacha watundu. Mungu awafunike kwa wema wake, nami asinisahau.

Ukipiga Ijumaa nisipopokea, usiogope. Piga tena Jumamosi.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Sindano