Gorfa ya Maryan

Bulla Pesa, Isiolo
4 Juni 1983

Kwa mdogo wangu mpendwa Habsa,

Salaam aleikum. Natumaini wewe, Hirbo na watoto hamjambo, na kwamba mvua imeikumbuka Moyale. Sisi huku tu wazima. Mimi pia ni mzima, ukiondoa mgongo, na habari za mgongo zinakuja, kwa hivyo usianze kulia mapema.

Harusi ya Maryan imepita salama. Wanawake wa Burat waliimba hadi sauti zikakauka, na shemeji yako Gollo alikula nyama mpaka akashindwa kuinuka kuwaaga wageni.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba sitaweza kumsukia gorfa. Jambo hilo liliniuma kuliko mgongo wenyewe. Mama alitusukia sisi wawili kwa mikono yake. Binti yangu aende vipi kwa mumewe bila chombo cha maziwa kutoka kwa mamake? Nami unanijua. Siku mgongo ukinipa nafasi, nasuka mchana kutwa, nafua, nachota maji, nikilipiza siku nilizolala. Kisha nalala tena juma zima nikiugua. Gollo alisema mimi ni kama ng'ombe aliyeona majani mabichi baada ya kiangazi, anakula hadi anavimba tumbo. Nilimnunia, ingawa alisema kweli.

Mwishowe nilimwendea Akal, yule jirani yetu Mturkana ambaye ni nesi. Nilitaka sindano. Akaniambia bila kunificha kwamba huenda nitaishi na mgongo huu, basi tuzungumze nataka kufanya nini nikiwa nao. Nikajibu: gorfa kubwa kama ya Mama, tena upesi. Alicheka sana. Akauliza naweza kusuka kiasi gani nisiamke nikiumwa kesho yake. Nikasema labda mizunguko mitatu. Akaniambia basi nisuke miwili, niinuke, nitembee hadi kwa jirani yetu Mama Ado na kurudi, hata mgongo ukiwa umenyamaza. Hasa ukiwa umenyamaza. Na gorfa iwe ndogo.

Miwili, Habsa! Mikono iliniwasha kwa hamu. Mama Ado aliponiona mlangoni kila siku alidhani naona haya kuomba chumvi, akawa ananifungia chumvi kwenye karatasi kabla sijasema neno. Sasa tuna chumvi ya kutosha mtaa mzima. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Nilikaa miezi bila mgongo kunilaza kitandani juma zima hata mara moja, na gorfa ikapanda. Maryan alikuwa akikaa karibu nami akinichambulia nyuzi, na nikipitiliza ananinyang'anya sindano ya kusukia.

Nilipomaliza, ilikuwa ndogo na imeinama upande mmoja. Hata hivyo haikuvuja. Nilifurahi mpaka nikapiga vigelegele peke yangu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijui utalipokea vipi. Siku ya kuamkia harusi, lori la ng'ombe lilileta gorfa uliyonisukia kwa siri ili nisiaibike. Allah akulipe. Kubwa, imenyooka, inanukia moshi kama za Mama. Nilifurahi na nikaumia kwa wakati mmoja. Nikaziweka zote mbili mbele ya Maryan, wanawake wa upande wa mume wakitazama, nikamwambia achukue ya mama mdogo, ile nyingine ni ya mchezo tu. Maryan hakuigusa yako. Aliikumbatia ile iliyoinama, akawaambia wanawake wale kwamba hii ameiona ikizaliwa. Nililia, Habsa, na sikuona haya.

Kwa hivyo yako imebaki kwangu na sikurudishii. Asubuhi nakunywa maziwa humo. Na mgongo haujapona. Hata barua hii nimeiandika kwa siku tatu, nikiinuka kila baada ya maneno machache, na Mama Ado ameshanipa chumvi nyingine.

Njoo baada ya Idi. Nitakusukia yako, ndogo, tena polepole, kwa hivyo ukae sana.

Msalimie Hirbo, uwabusu watoto, na majirani uwape salaam zangu.

Wasalaam,
Dadako akupendaye,
Kaltuma