Unyayo wa Baba Ndani ya Pijo

Butimba,
Mwanza.
8 Septemba, 2025

Mpendwa Kaka Mashimba,

Shikamoo. Habari za Nairobi, na habari za baridi yenu ile inayomfanya wifi Dorcas avae sweta mpaka mezani? Jonathan hajambo na masomo? Na goti lako lililokusumbua Pasaka limepona, au bado unapanda ngazi kwa kuhesabu? Nijibu ya afya kwanza, maana wewe ukishaanza habari za kazi hufiki tena kwenye mwili.

Sisi huku tu wazima, tunashukuru Mungu. Vumbi limezidi, ziwa limetulia, mvua za vuli bado hazijatuma hata salamu. Mbuzi wa jirani wamemaliza mchicha wangu wote, nami nimewasamehe wao, mwenye nao bado.

Utashangaa kupata karatasi. Sababu unaijua, Kaka. Ujumbe wangu ukiusoma kwenye simu, kabla sijaiweka chini umeshampigia Baba, na Baba ananifuata jikoni na maneno yangu mwenyewe. Barua hii nimempa Nestory, mpwa wa marehemu Mama anayeendesha basi la huko, akutie mkononi. Isome peke yako. Ukimaliza usipige simu siku hiyohiyo, lala kwanza.

Harusi iko palepale, Jumamosi tarehe nne Oktoba. Gauni la Rose limefika, na ya wasimamizi nayashona mwenyewe hapa kwenye cherehani yangu. Mwanao siku hizi anacheka hata ukimwomba chumvi. Amelelewa hapa na babu yake tangu chekechea, kwa hiyo neno lake ni lile ulilosikia: hataki gari la kukodi. Atapelekwa kanisani na babu, ndani ya Pijo, kama nilivyopelekwa mimi.

Sasa niingie kwenye lililonikalisha chini.

Pijo yetu unaijua. Baba aliinunua kwa yule meneja wa kiwanda cha pamba aliyekuwa anahama, mwaka ulioanza wewe darasa la kwanza, na Mama akaiita mke mwenza mpaka siku anazikwa. Unakumbuka sheria: viatu mlangoni. Hata padre alivuliwa siku ile tuliyompa lifti kwenda Nyegezi, akakaa na viatu vyake mapajani. Tulidhani ni usafi. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba Baba alitaka kusikia. Huendesha peku, na kila ugonjwa wa gari lile aliujua kwa unyayo kabla fundi hajafungua boneti. Wale wa gereji za Nyakato walikuwa wanamfuata hadi hapa akawakanyagie magari ya wateja. Alikuwa anawaambia kwamba gari linaweza kudanganya sikio, lakini halidanganyi unyayo.

Nami sitasema uongo, mwaka huu lilitupa raha. Kila Jumapili baada ya misa alituchukua mimi na Rose mpaka Luchelele, vioo vimeshushwa, upepo wa ziwa unaingia, yeye kimya na kiwiko dirishani. Pale penye mteremko wa mwisho, maji yanapotokea yote kwa mara moja, alikuwa anaondoa mguu kwenye mafuta na kuliacha gari litembee lenyewe. Alikuwa anafumba macho kidogo. Zamani nilipenda akifanya hivyo.

Mwezi wa sita ndipo mambo yalipoanza. Kwanza gari likawa linazimika kwenye mlima, na hilo unalijua, ndiyo kabureta uliyotutafutia huko uje nayo harusini. Pili ikaja harufu. Si mara zote, ni tukishatembea mwendo mrefu kidogo. Haikuwa harufu ya mpira wala ya waya. Nilimwambia fundi Elias inanuka kama kongoro la ng'ombe linapobabuliwa motoni kabla ya kuingia kwenye supu.

"Dada Justa, wewe una njaa," akanijibu. "Hiyo ni klachi."

Akabadilisha klachi. Harufu ikarudi. Akafumua waya zote za chini ya dashibodi, akazifunga upya moja moja, harufu ikarudi tukiwa hata hatujafika Mkolani. Baba akasema yeye hasikii harufu yoyote, na unyayo haumwambii kitu, kwa hiyo hakuna kitu. Neno lake likawa la mwisho kama kawaida.

Tatu zikaja breki. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba, tunashuka kwenda sokoni. Pale kwenye njia panda gari halikusimama. Halikupunguza hata mwendo. Lilivuka barabara, likaenda kuegemea lile jiwe kubwa wanapouza nyanya, na bampa ikaingia ndani. Wilhelmina muuza nyanya alikuwa ametoka tu kusogeza beseni lake kivulini.

"Mzee Luhaga, leo umekuja kunisalimia na bampa," akasema, akacheka, na watu wote wakacheka naye. Baba akacheka pia.

Elias akalijaribu gari kwenye mteremko uleule mara tatu, na mara tatu likasimama alipotaka lisimame. "Breki hizi hata fahali atasimama," akamwambia Baba. Hata hivyo akambadilishia masta silinda ya breki ili roho yake itulie. Wiki mbili baadaye, kwenye geti letu wenyewe, tukagonga nguzo.

Hapo nikaanza kumwangalia dereva. Kaka, Baba anapoendesha siku hizi anainama. Kila anapotaka kusimama anaangalia kwanza chini, anautafuta mguu wake kwa macho uko wapi, ndipo anakanyaga. Ni kitambo kidogo tu, kama mtu anayeangalia saa. Lakini kwa kitambo hicho hakuna anayeangalia barabara.

Tangu tarehe ishirini Agosti gari halitembei. Elias alifungua kabureta akakuta imepasuka, sasa vipande vyake vimelala kwenye karai chini ya kitanda cha Baba. Nikaona nitumie nafasi hiyo kulisafisha kwa ajili ya harusi. Nikatoa ule mkeka wa mpira wa upande wa dereva. Unakumbuka mwaka ule ziwa lilipopanda likatuingilia mpaka uani, Pijo ikasimama majini wiki mbili? Bati la sakafu limeliwa na kutu. Pale kisigino cha kulia kinapokaa pana tundu kubwa kuliko kiganja changu, na chini ya tundu ndipo bomba la moshi linapopita. Mpira wa mkeka umeyeyuka pale ukawa mwembamba kama karatasi, na juu yake kuna alama ya kisigino, nyeusi, inayong'aa, imegandamana. Nikainusa. Ilikuwa ile harufu yangu ya kongoro.

Nikakumbuka kwamba Baba amevaa soksi ndani ya nyumba mwezi mzima, na joto hili.

Sikumwuliza. Nilichukua beseni la maji ya uvuguvugu nikapiga magoti mbele yake, nikasema nataka kumkata kucha kwa ajili ya harusi. Alikataa, kisha akaniachia mguu. Soksi ya kulia haikutoka, imeshika. Nililowesha polepole hadi ikaachia, na nilichokiona sitakuandikia, itoshe kwamba nyama ya kisigino imeoza na yeye alikuwa ananisimulia habari za pamba ya mwaka themanini na tatu huku naigusa. Kidonda cha namna ile mtu mzima angelia. Baba hajui hata kilianza lini.

Nilimwita Modesta, yule muuguzi mstaafu wa nyumba ya pili. Akamwambia Baba afumbe macho, akachukua njiti ya ufagio, akawa anamgusa unyayo huku na huku.

"Nimegusa wapi, Mzee?"

"Bado hujaanza," Baba akasema.

Alikuwa ameshamgusa mara saba. Kaka, mimi ni mtu wa maneno mengi, lakini siku ile nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo.

Ni sukari. Aliambiwa hospitalini mwaka juzi, akatangaza kwamba wamechanganya majina. Modesta anamsafisha kila siku asubuhi na amesema wazi kwamba bila hospitali mguu utakwenda, na baada ya mguu ni yeye mwenyewe. Nimembembeleza, nimenuna, nimemgomea chakula cha jioni na kukila mimi. Jibu lake ni moja: akishampeleka Rose kanisani, tumfanye tunavyotaka. Kisha akanishika mkono, akanitaka niahidi kwamba wewe hutajua. "Mashimba akijua, ataninyang'anya ufunguo," akasema. Nikaahidi. Kwa hiyo unachosoma hapa ni ahadi niliyoivunja, na nitaibeba mwenyewe.

Najua utaniuliza kwa nini nisiufiche huo ufunguo. Anaulalia, Kaka. Na hata ningeupata, mimi ni binti yake, nampikia na kumfulia, neno langu linaishia mlangoni. Wewe ukikohoa tu anakaa sawa.

Sasa nikuambie la jana, ndilo lililonipa kalamu. Kila jioni Baba anakwenda kukaa ndani ya Pijo pale uani, peku, bandeji kisiginoni, anajizoeza. Anasema anauamsha mguu. Anazungusha ufunguo na kunitaka nisimame nyuma ya gari nimwambie taa za breki zikiwaka. Jana Rose alikuwa amekaa kando yake, anajaribu shela, wanacheka wote wawili. Baba akainua kichwa, akaangalia mbele kama yuko barabarani, akakanyaga.

"Justa, zimewaka?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya hizo taa. Zilikuwa nyekundu baridi, hazina hata cheche. Mguu ulikuwa umekanyaga kitu kingine, au haukukanyaga chochote, na yeye alikuwa na hakika kabisa.

"Justa, zimewaka?"

Rose akageuka kunitazama kupitia kioo cha nyuma, shela kichwani, anatabasamu. Nikasema zimewaka.

Sijui kwa nini nilisema. Labda kwa sababu alikuwa na furaha, labda kwa sababu sijawahi kumwambia Baba kwamba unyayo wake umekosea. Alipiga usukani kofi dogo la furaha, akamwambia Rose, "Unaona? Mzee bado yupo." Usiku sikulala. Ule mteremko wa kutoka kanisani unaishia sokoni, na siku ya Jumamosi soko linavyojaa unajua. Rose atakuwa nyuma na mumewe, na mimi ndiye niliyesema zimewaka.

Kwa hiyo ninachokuomba ni hiki, Kaka yangu. Usije na kabureta. Bila hiyo Pijo haitoki uani, na Elias ameniapia kwamba hapa Mwanza nzima hakuna nyingine ya kuivalisha. Uje wiki moja mapema, mikono mitupu, umchukue Baba umpeleke hospitali wewe mwenyewe, maana kwako atapanda taksi. Atakasirika, na atajua ni mimi niliyekuambia. Akikataa kunisemesha, nitashona kimya kimya. Hiyo kabureta utaileta safari nyingine, siku usukani utakapokuwa mikononi mwako na Baba yuko pembeni yako, na viatu miguuni. Tutakwenda Luchelele tena, hata kwa mwendo wa konokono.

Rose mimi nitamwambia. Atalia kidogo, kisha atapanda gari lolote.

Msalimie sana wifi Dorcas, mwambie kitambaa chake cha harusi kimeshakatwa na asinenepe. Msalimie Jonathan, na majirani wenu wote wanaonikumbuka. Modesta anakusalimu, Elias anakusalimu. Rose anakupa shikamoo kubwa na anasema usichelewe. Mungu awafunike barabarani na nyumbani, na awape safari yenye mwisho mwema.

Baba naye anakusalimu sana. Amepita hapa nilipo, akaona naandika, akauliza ni kwa nani. Nilimwambia ni kwako, ya harusi. Akafurahi, akasimama mlangoni kwa mguu ule, akanituma nikuandikie maneno haya kama alivyoyasema: "Mwambie Mashimba asisahau kabureta."

Nimeandika kama alivyonituma. Wewe sahau.

Mdogo wako akupendaye na anayehesabu siku,

Justa