Udongo Mwekundu wa Kule Juu

Naitiri,
16 Juni 2024

Binti yangu Nakhumicha,

Pokea salamu za hapa nyumbani, na za ng'ombe pia, maana yule mweupe amezaa. Tuko wazima. Wagonjwa ni masikio yangu peke yake, hayo yamefunga duka kabisa. Simu uliyoninunulia nimemwachia mwanao Levi, kwa sababu mtu akipiga naona tu mdomo wa Levi ukicheza, nami nabaki kucheka kama mjinga. Kwa hivyo vumilia mwandiko wangu. Joan wa vitunguu huenda soko la Kitale, yeye ndiye posta yetu.

Habari kubwa ni ya huyo mtoto wako. Amesema mwaka huu anaingia kisu cha tohara, na hataki kile cha hospitali, anataka cha nyumbani. Njuga ameshaazima na anazipiga mpaka kuku wanatafuta boma lingine. Siku ni tarehe kumi na nne Agosti. Alfajiri tutampeleka kijito cha Namakhele, pale kwenye kona, apakwe matope nilipopakwa mimi na ndugu zangu wote. Yale matope meusi, yenye baridi ya kukufanya usahau jina lako. Mzee Wepukhulu ndiye atakayempaka, kama alivyowapaka wengine wa ukoo.

Levi hana baba wa kusimama naye, hilo tulishalizoea, mimi nitasimama. Lakini mama wa mtoto lazima awe ndani ya nyumba siku hiyo. Njoo. Na watu wananiuliza, hicho kiwanda cha wazungu cha kusaga mawe kule juu, kilichokufa kabla hujazaliwa, kinasafishwa cha nini? Nipe la kuwaambia.

Ni mimi baba yako,
Mukhwana

*

Kitale,
7 Julai 2024

Baba yangu mpendwa,

Umeamkaje huko? Magoti je, baridi hii inayahurumia? Mimi ni mzima, nimekonda kidogo tu, chakula cha hapa ni sukuma kila siku ya Mungu. Nilipofika pale pa njuga na kuku nilicheka mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimepata bwana.

Waambie watu hivi. Kule juu wazungu walikuwa wakisaga mawe ili watoe madini yanayoitwa urani. Walipoondoka waliacha masalio yake kwenye udongo na kwenye mabati, na hayo masalio yana sumu isiyoonekana wala kunuka. Sasa mabanda yanabomolewa, udongo unachimbwa na kufungiwa kwenye mapipa. Mimi niko stoo hapa mjini. Napokea vichupa vya udongo na maji kutoka kila upande, naviweka mbele ya mashine, na mashine ikilia sana naandika. Tunavaa nguo nyeupe mwili mzima na barakoa, na tukitoka tunaoga mpaka ndani ya kucha.

Sasa Baba, nakuomba kitu kimoja na usiniulize sababu. Mwaka huu usimpeleke Levi pale kwenye kona. Matope ya pale si mazuri. Tafuteni mahali pengine. Tumekatazwa kusema mashine imeonyesha nini mpaka serikali itangaze yenyewe, na atakayesema anafunga virago. Karo ya Levi ndiyo kazi hii. Likizo nimeomba wakaninyima, ati lazima tumalize mwezi wa nane, lakini bado namsumbua injinia Wachira, yeye ana utu.

Niamini tu, Baba.

Mwanao,
Nakhumicha

*

Naitiri,
28 Julai 2024

Mama yangu Nakhumicha,

Salamu tena. Magoti yanauliza wewe ni nani wa kuyaulizia, mbona huji kuyaona. Mahindi yamebeba vizuri na Levi anakula kama watu wawili.

Barua yako ilinikalia vibaya, sitakuficha. Nilimwendea Wepukhulu, naye alinuna. Alisema mtoto wa kike anatuchagulia matope tangu lini. Lakini mimi nakujua, wewe si mtu wa kuropoka, kwa hivyo nilimbembeleza mpaka tukakaa tukafikiri kama watu wazima. Tukaona una haki. Uchafu wote hushuka na maji. Sabuni za watu, dawa za mahindi, mambo ya ng'ombe, vyote vinakuja kulala kwenye kona yetu.

Basi sisi tumepanda. Tumefuata kijito mpaka kinapozaliwa, pale karibu na ua wa waya wa kiwanda chenu. Maji ya pale ni safi mpaka unaona kidole chako cha mguu. Tena nje ya waya kuna udongo mwekundu uliofukuliwa juzi, laini, hauna hata jani. Wepukhulu aliuonja kwa ulimi akasema ndio huu. Vijana walifurahi hadi wakajaza magunia, wakaja kukandika kibanda watakamokaa Levi na wenzake wakingoja kupona. Ukuta umetoka mwekundu, utadhani ni nyumba ya mbunge.

Kwa hivyo tulia. Nimekusikiliza, ingawa sisikii.

Ni mimi baba yako,
Mukhwana

*

Kitale,
13 Agosti 2024

Baba,

Sina muda wa salamu, nisamehe. Barua yako nimeipata leo asubuhi. Joan alishikwa na malaria, ikakaa kwenye kikapu chake majuma mawili.

Msiende kule juu. Baba, tafadhali, msiende. Ile sumu haitoki kwa watu wala kwa ng'ombe, inatoka pale pale kwenye waya. Udongo ule mwekundu ndio wenyewe, ndio walioutoa chini ya mabanda, na haukufaa kuachwa nje hata siku moja. Kona yetu mashine inalia. Udongo wa kule juu mashine inapiga kelele mpaka tunaizima. Na mtoto mnampaka mwili mzima, mdomoni unaingia, machoni unaingia, halafu anakuja kukatwa, kidonda kibichi na vumbi lile mwilini. Nimesema sasa. Wacha wanifute.

Kosa ni langu. Ningekwambia yote tangu mwanzo usingepanda huko.

Simu ya Levi imezimwa tangu jana, ya jirani yetu Sellah inaita tu. Barua hii nampa Kipkosgei, dereva wa pikapu ya kazi, anapitia Naitiri jioni. Asipokupata nyumbani, kesho alfajiri nitakuwa kwenye waya mimi mwenyewe.

Mwanao,
Nakhumicha

*

Kitale,
19 Agosti 2024

Kwako Baba,

Natumai uko salama, na kidonda cha Levi kinakauka. Nimengoja neno lako na halijaja, kwa hivyo naanza mimi.

Kipkosgei aliniambia alimwachia barua mtu aliyekuwa akitengeneza pombe ya busaa hapo nyumbani. Labda ilikwenda kuwashia moto, sijui. Ninachojua ni kwamba nilisimama pale tangu giza, nikawasikia mkipanda mkiimba, nikaja kuziba njia. Nilikuwa nimevaa zile nguo nyeupe kwa sababu bila hizo hakuna anayekaribia pale. Najua nilionekana kama jini. Ulipoinua fimbo sikukulaumu. Uliona kitu kisicho na uso kimesimama kati ya mjukuu wako na matope yake.

Wakati wote huo nilikuwa nakupigia kelele ndani ya barakoa, na wewe husikii. Levi ndiye aliyejua. Nilimwona anakushika mkono, akakwambia usoni ili usome mdomo wake, "Babu, huyo ni mama."

Mama wa mtoto hapaswi kuonekana penye matope, mwiko huo naujua. Wepukhulu alitema mate nikaona. Nashukuru Wachira, niliyemwamsha usiku kumweleza, alifika na mashine yake, akashuka nanyi hadi bondeni nyuma ya migomba ya Sellah, ikanyamaza, mkachimba pale. Nashukuru Levi alisimama bila kupepesa jicho, Sellah ameniambia. Sellah ambaye alikaa ndani ya nyumba mahali pangu, kwa kuwa wazee walisema mimi nisikanyage boma siku hiyo. Nilisikia vigelegele nikiwa barabarani na nikalia kama mtoto.

Kazi wamenifuta. Niko kwa rafiki yangu Arafa, nyuma ya msikiti, namsaidia kuuza chapati. Siji huko mpaka uniite. Lakini uniite, Baba.

Mwanao,
Nakhumicha

*

Naitiri,
30 Agosti 2024

Mama yangu,

Sijui nikusalimie vipi. Nilikuwa na hasira, na hasira ya kiziwi ni ndefu kwa sababu hakuna anayemkatiza. Wazee walisema mengi. Niliwaacha waseme, nami nikaketi nayo moyoni.

Jana nilipanda kule juu peke yangu. Nilitaka kuona kitu ulichonizuilia mbele ya watu wote. Nikakuta watu wa Wachira, wamefunikwa mpaka macho, wanazoa ule udongo mwekundu kwa majembe ya mipini mirefu, wanautia kwenye mapipa, wanafunga vifuniko kwa bolti. Mmoja akaniashiria nirudi nyuma. Nikarudi nyuma. Nilisimama pale nikiwaangalia wanavyouogopa, na ndipo nilipokumbuka ukuta.

Nilikuandikia, ile barua iliyokaa kwenye kikapu. Wewe uliona ya matope tu, na ni haki yako, siku ilikuwa imefika. Mimi niliona matope yamebadilishwa nikafikiri yamekwisha. Hakuna aliyekumbuka kibanda, Nakhumicha. Levi amelala mle tangu siku ile, na wenzake wawili. Ukuta umekauka na vumbi linaanguka kwenye blanketi. Kitanda chake kimeegemea ukuta. Kila asubuhi anatoka na rangi nyekundu kwenye nywele, na mimi nilikuwa namcheka.

Nimewatoa. Wasiopona hawatolewi kibandani kabla ya siku yao, kila mtu hapa anajua, na Wepukhulu amekuja kuniambia nimeharibu mara ya pili. Nimemwambia aende. Wako sebuleni kwangu, nimewaosha mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Kidonda cha Levi kilikuwa kimekauka, lakini tangu juzi anakohoa. Huenda ni baridi. Niambie ni baridi.

Muombe Wachira mashine, mpigie magoti ikibidi. Akikataa, njoo hata bila mashine. Umpime Levi kwanza, ukuta baadaye. Boma ni langu, na nimesema mama wa mtoto aingie.

Joan nimemkataza kwenda sokoni kwanza. Barua hii anakuletea mkononi, na angoje arudi nawe.

Baba yako