Ubao wa Profesa Harenberg

Göttingen, 9 Februari

Kaka Onno mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye theluji. Goti la Mama linaendeleaje? Na wifi Jutta bado anakoroga chai kama mgeni asiyejua kwamba kwetu chai haikorogwi, au mmeshamfundisha adabu?

Mimi mwili mzima, ila Profesa Harenberg amenitoa roho. Shuleni tulifundishwa kwamba kila namba huvunjika kuwa namba tasa kwa njia moja tu. Katika namba ninazochunguza mimi, namba ileile yaweza kuvunjika kwa njia mbili, na kundi tunaloliita la madaraja ndilo linalopima ukubwa wa vurugu hiyo. Likiwa na mwanachama mmoja tu, vurugu hakuna. Tasnifu yangu nzima inategemea kundi moja la namna hiyo.

Kompyuta ilinipa jibu kwa dakika nne. Mzee akakataa katakata, akawa analikokotoa mwenyewe kwa chaki miezi minane, ubao wa ukuta mzima. Ni kweli kwamba programu ile hujibu upesi kwa kuegemea dhana ambayo hakuna aliyewahi kuithibitisha. Ukitaka uhakika kuna amri ya pili, ya kuhakiki, nayo hula siku na siku. Basi ikawa wimbo: "Binti, umehakiki?" Asubuhi umehakiki, ngazini umehakiki, hata nina kijiko cha supu mdomoni, umehakiki! Novemba nikachoka. Nikamjibu kwa ukali kwamba ndiyo, nimehakiki, sasa aniache nile.

Onno, sikuwa nimehakiki.

Nilidhani ataendelea kubisha kama kawaida yake. Kumbe alikwenda akafuta ubao wote, akawaambia wenzake kwamba neno langu, neno la Tomke, linamtosha, kisha akaandika makala yake ya mwisho kabla ya kustaafu kwa kutegemea neno hilo. Niliianza ile amri kwa siri wakati wa Krismasi, na mpaka leo haijamaliza.

Jana nilimweleza yote. Laiti angenifokea! Aliuliza tu, taratibu, kama kuna mtu aliyewahi kuupiga picha ubao wake. Hakuna.

Kwa hiyo msije Ijumaa. Utetezi wa tasnifu nimeuahirisha, na ule mkokoteni wa kunisukumia mjini, kama ilivyo desturi ya hapa, nikishakuwa daktari wa hisabati uuache ghalani. Leo tumeanza upya ubaoni, mstari wa kwanza. Safari hii yeye anatamka na mimi naandika.

Mama usimwambie, nitampigia mwenyewe. Wabusu watoto, na unisamehe kwa barua chungu.

Mdogo wako,
Tomke