Gauni la Mwalimu Asiyekuja

Mshauri wetu mpendwa, nakuandikia nikiwa mbele ya cherehani na naomba uniokoe kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi uongo wangu unapelekewa gauni nyumbani kwake.

Mimi ni fundi wa nguo, tunafanya kazi chumba cha mbele kwa mama mkwe wangu, yeye anakata na mimi nashona, hata nguo zangu zote amezikata yeye, miaka mitatu sasa na hatujagombana ila kuhusu redio, na mume wangu ni fundi bomba, mtu mpole, na sote watatu tunataka mtoto. Sasa mtoto yupo. Nina mimba ya miezi minne na hakuna anayejua, kliniki sijaenda, kile kipimo cha mimba nilikizungushia kipande cha bitana nikakisukumia chini ya kapu la vifungo.

Usinigombeze kabla hujamjua mama yangu mzazi. Mama ni mcheshi, na kichekesho chake kikubwa ni kuzaliwa kwangu. Wageni wakija ananishika bega na kusema, "Huyu mnayemwona aliniweka leba siku tatu, nikafa nikarudi," na watu wanacheka mpaka wanajifuta machozi, kisha mama wadogo nao wanaleta ya kwao, kwetu hakuna habari ya uzazi isiyo na mtu aliyezimia. Nimecheka nao tangu utotoni, kumbe yote yalikuwa yananiingia. Sasa kila nikifurahi, na ninafurahi kweli, mshauri, juzi nimejikuta naliimbia tumbo wimbo wa tangazo la sabuni, papo hapo nasikia "siku tatu" na kusimamisha cherehani katikati ya mshono. Naogopa kufa. Na mama mkwe siwezi kumwambia, yeye kazaa watano na anasimulia kama mtu aliyetoka mara moja kununua chumvi.

Basi nguo zikaanza kunibana. Nikajipima nyuma ya pazia, nikaandika kwenye daftari letu la vipimo "Mwalimu, mjamzito," nikadai mteja huyo alipita wakati mama mkwe yupo sokoni. Mama mkwe akauliza anafundisha wapi, nikasema mbali. Akauliza anapenda rangi gani, nikataja ninayoipenda mimi. Akakata, akaacha kitambaa cha ziada kwenye mishono, akasema, "Huyu bado ataongezeka." Halafu akaamua kwamba kama mwalimu hana nafasi ya kuja kulijaribu, mwanawe atampelekea kwa pikipiki Jumamosi. Mume wangu amekubali, anasubiri nimwelekeze njia. Nitamwelekeza wapi, mshauri?

Mimi, Mwalimu

JIBU

Mwalimu usiye na shule,

Nimecheka, kisha nimekukasirikia. Miezi minne bila kliniki, mtu mzima unayejua kusoma daftari? Haya, nimemaliza kukasirika, sogea tuzungumze.

Mama mkwe wako ameyakata mabega yako miaka mitatu. Leo unampa mabega yaleyale, urefu wa mkono uleule na rangi unayoipenda, ukidhani tumbo jipya litampoteza? Anajua, binti yangu. Hiyo habari ya pikipiki anakubana taratibu ili useme mwenyewe, na ametumia adabu kubwa kuliko ambayo mimi ningetumia. Lakini wa kwanza kuambiwa ni mumeo, tena leo, kabla hajaweka mafuta. Si haki baba wa mtoto aende kumtafuta mkewe mitaani akiwa na gauni begani.

Halafu, huyo shujaa wa watano, muulize kumzaa wa kwanza kulikuwaje. Hao wanaosimulia kirahisi mara nyingi wanaanzia wa tatu.

Mama yako mzazi hana ubaya. Aliogopa sana, hakuna aliyemuuliza, akaamua kuchekesha watu. Ila mtoto mdogo akiambiwa mbele ya wageni kwamba nusura amuue mama yake, habaki na kichekesho, anabaki na lawama. Hukumtesa mtu. Ulikuwa unazaliwa, basi. Mwombe asiisimulie tena mpaka ujifungue, na akinuna mwambie ni mimi niliyekataza. Hata hao mama wadogo waambie hivyohivyo, nimezoea kununiwa.

Kesho asubuhi funga cherehani, nenda kliniki na mumeo. Waeleze kwamba mama yako alikaa leba siku tatu, wajue wanakufuatilia vipi. Uzazi wa mama yako si wako, lakini hilo wakueleze wao baada ya kukupima, mimi natoa ushauri gazetini tu.

Na mkiwa humo ndani, muuguzi atakuuliza, huku akiandika, kama una wasiwasi wowote. Hapo ndipo wengi tunapoharibu. Usijibu "sina." Mwambie kama ulivyoniambia mimi: naogopa kufa. Hatashangaa, amewasikia wengi, na ana mengi ya kukusaidia kama akijua. Mimi nilijibu "sina" kwa mimba zangu zote tatu, nikatoka nje nikalia chooni, na hakuna aliyenisifu kwa ujasiri, maana hakuna aliyejua.