Barua za Kaka Zinazokataliwa

Jumatatu, 7 Desemba 1987
Nimemwandikia kaka Wafula barua nyingine ya kuomba kazi. Yeye hutamka, mimi huandika, maana mwandiko wangu ni mzuri. Kwanza jina la marehemu Baba, ukoo, chifu, mchungaji. Kisha kazi anayoijua: kutengeneza mashine za kupukuchua mahindi. Ndivyo watu wa kwetu Bungoma wanavyojitambulisha. Barua zote zilizotangulia zimekataliwa. Kwa nini? Sioni kosa.

Jumanne, 8 Desemba
Kaka asipopata kazi kabla ya Krismasi atarudi kijijini Ndalu kulima kwa baba mdogo. Hataki. Mimi pia sitaki.

Alhamisi, 10 Desemba
Mama hupika chai katika duka la vipuri la Bwana Gurdial, mjini Kitale. Leo nimemsaidia. Bwana Gurdial alikuwa akisoma barua za maombi huku anauza mikanda ya mashine. Barua zimekunjwa sehemu tatu. Anafunua sehemu ya juu tu, anasoma, anatupa kikapuni. Ya kaka pia. Roho iliniuma. Sehemu ya juu ina Baba, ukoo na chifu. Mashine ziko chini!

Ijumaa, 11 Desemba
Nimemuuliza Bwana Gurdial mbona hafunui barua yote.
"Wewe toto ya Mama Wafula?" Akacheka. "Ona wateja hawa. Mimi natafuta fundi, hapana tafuta baba ya fundi."
Nilikasirika njia nzima hadi nyumbani Matisi. Sasa nafikiri si mtu mbaya. Ana haraka. Waajiri wengine je, huishia wapi kusoma? Ningependa kuwaona wote.

Jumapili, 13 Desemba
Kaka amekataa kuanza na mashine.
"Ati niandike kama mtu hana kwao? Si watasema sikulelewa, bana!"
Hataki jina la Baba lishuke chini. Namwelewa. Lakini nimekataa kuandika kama zamani. Sijawahi kumkatalia kitu. Ugali umepoa, hakuna aliyekula vizuri.

Jumatatu, 14 Desemba
Kaka ameandika barua mwenyewe. Mwandiko mbaya sana. Inaanza hivi: "Natengeneza mashine za kupukuchua mahindi, kazi niliyofundishwa na marehemu baba yangu." Halafu jina lote la Baba.
Mimi na vitabu vyangu sikuwaza hivyo. Mama ameipeleka kwa Bwana Gurdial.

Jumatano, 16 Desemba
Kaka aliitwa kujaribiwa. Amerudi jioni, mikono imejaa grisi. Kesho anaenda tena, na kesho kutwa. Ameshika mlango, kiti, kikombe cheupe cha wageni. Alama kila mahali. Mama amemwongezea chai.